MATANGAZO YA MOJA KWA MOJA KATIKA KOMPYUTA YA UKUMBINI: NAMNA YA KUTAFUTA KASORO KABLA YA KUNUNUA KIFAA KIPYA

Katika baadhi ya nyumba za Visiwa vyetu, na katika kumbi za ofisi chache, kompyuta imechukua kwa pamoja nafasi ya redio, ya deki ya kanda na ya king'amuzi. Kompyuta hiyo huunganishwa na televisheni kubwa, hutiwa kadi ya kupokelea matangazo au kipokezi cha USB, na waya wa antena ukaingizwa humo. Mwenyewe huweza kutazama matangazo, kuyasimamisha, kuyarudisha nyuma na kuyarikodi. Mtambo wa namna hii ukienda vizuri una manufaa mengi. Ukiharibika, aghalabu huharibika kwa njia inayomchanganya mtu: filamu iliyohifadhiwa inaonekana bila ya taabu, lakini taarifa ya habari inaganda, mpira unakwamakwama, na kikao cha Baraza la Wawakilishi kinatoa sauti bila ya picha.

Jambo linalofuata baada ya hapo ni ununuzi. Antena inabadilishwa, kisha kadi, kisha kompyuta yenyewe, na kasoro bado ipo, kwa sababu chanzo chake kilikuwa ni kiungio cha waya kilicholiwa na chumvi au ni mpangilio mmoja ndani ya programu. Nyumbani fedha hiyo ni ya watoto. Ofisini ni ya umma. Maelezo haya yamekusudiwa kumwonyesha msomaji, awe mtumishi au mkaazi, utaratibu wa kufuata ili ajue kasoro iko wapi kabla ya kutoa fedha. Utaratibu huo haumtaki mtu awe fundi. Unamtaka awe na subira, kalamu na karatasi.

KWA NINI MATANGAZO YA MOJA KWA MOJA NI MAGUMU KULIKO FILAMU

Filamu iliyomo ndani ya diski imekwisha kufika yote. Kompyuta huisoma kwa wasaa wake, na ikichelewa kidogo huweza kusoma mbele zaidi ili kufidia. Matangazo ya moja kwa moja hayana nafasi hiyo. Kila sekunde hufika sehemu ya sekunde hiyo tu, na isipopokelewa wakati wake imepotea.

Matangazo ya dijitali husafiri katika vifurushi vidogo vidogo vya baiti 188 kila kimoja. Kituo cha kawaida kinachotumia megabiti 4 kwa sekunde hutoa zaidi ya vifurushi 2,600 katika kila sekunde moja. Vifurushi hivyo havibebi picha kamili kila mara. Ili kupunguza mzigo, kituo hutuma picha moja kamili, kisha hutuma mabadiliko tu mpaka picha kamili nyingine ifike, aghalabu baada ya nusu sekunde, sekunde moja au zaidi kidogo. Kwa hivyo kifurushi kimoja kikipotea, madhara yake huendelea kuonekana mpaka picha kamili inayofuata. Hiyo ndiyo sababu doa dogo katika mawimbi huzaa miraba ya rangi inayokaa juu ya kioo kwa muda.

Kutokana na maelezo hayo, mambo mawili yafahamike kuwa si kasoro. La kwanza ni kusubiri sekunde moja au mbili baada ya kubadilisha kituo, maana kompyuta inangoja picha kamili ya kwanza. La pili ni kuchelewa. Jirani mwenye redio anaweza kushangilia bao kabla ya mwenye kompyuta kuliona, kwa kuwa kubana picha, kuirusha, kuihifadhi kwa muda na kuifumbua kote kunachukua wakati. Hakuna kifaa kitakachoondoa ucheleweshaji huo wote.

MAJARIBIO MAWILI YA KUANZIA

Njia ya matangazo, kutoka hewani mpaka machoni, ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kabla ya diski: antena, waya na kipokezi. Ya pili ni hifadhi ya muda, ambamo matangazo hupita kabla ya kuonyeshwa. Ya tatu ni uonyeshaji: kufumbua picha, kuipeleka kwenye televisheni na kuisikilizisha sauti. Kasoro ya sehemu moja haiponywi kwa kununua kifaa cha sehemu nyingine. Kwa hivyo swali la mwanzo ni sehemu ipi, na swali hilo hujibiwa kwa majaribio mawili yasiyogharimu kitu.

Jaribio la kwanza ni kurikodi. Kituo chenye taabu kirikodiwe kwa muda wa dakika kumi, bila ya kukitazama. Baadaye rikodi hiyo itazamwe mara mbili, na kila kasoro iandikwe pamoja na dakika yake. Kasoro ikitokea mahali pale pale katika mara zote mbili, basi imo ndani ya rikodi yenyewe, nayo imeingia kabla ya diski. Hapo hakuna haja ya kugusa kadi ya picha wala televisheni. Kasoro ikihamahama, leo dakika ya tatu na kesho dakika ya saba, basi rikodi ni nzima na taabu iko katika uonyeshaji. Rikodi ikiwa safi mara zote mbili, lakini matangazo ya moja kwa moja ya kituo hicho hicho yanakwama, basi hifadhi ya muda ndiyo ya kuchunguzwa.

Jaribio la pili ni la kulinganisha. Mwenye mtambo ajiulize kama taabu ipo katika vituo vyote, katika baadhi yao au katika kimoja. Vituo vya dijitali husafirishwa kwa mafurushi, yaani vituo kadhaa hupanda pamoja juu ya masafa mamoja. Vituo vya furushi moja vikiharibika vyote na vya furushi jingine vikawa salama, jambo hilo linaelekeza kwenye antena au mawimbi. Kikiharibika kituo kimoja tu ndani ya furushi lililo zima, chanzo huenda kikawa ni kituo chenyewe, au ni namna picha yake ilivyobanwa, ambayo kompyuta haiimudu. Televisheni ya jirani itazamwe kabla ya kulaumu mtambo wa nyumbani.

SEHEMU YA KWANZA: ANTENA, WAYA NA KIPOKEZI

Wengi wetu tulijifunza kutazama televisheni katika zama za analojia. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika miongo iliyofuata kila nyumba ilijua maana ya chenga: mawimbi yakipungua, picha ilififia kidogo kidogo, na mtu alipanda juu kugeuza antena huku mwenzake akimwambia "basi, hapo hapo". Mfumo huo umeondoka. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa ya UHF kwa Afrika na Ulaya, na Dar es Salaam mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Disemba 2012.

Dijitali haina chenga. Picha huwa nzuri kabisa mpaka mawimbi yanapofika mpaka fulani, na hapo huvunjika kwa ghafla. Kwa hivyo picha nzuri si ushahidi kwamba antena ni nzima. Inawezekana mtambo unaishi ukingoni, na mvua moja tu inatosha kuuangusha. Hali ya kweli hujulikana kwa vipimo. Programu za kupokea matangazo, mathalan Tvheadend, huonyesha nguvu ya mawimbi, ubora wake, na hesabu ya vifurushi vilivyopotea. Vipimo hivi visichanganywe. Nguvu ni wingi wa kinachofika. Ubora ni usafi wake. Mtu anaweza kuwa na nguvu kubwa na ubora duni, kama kelele sokoni: sauti ni nyingi lakini maneno hayasikiki. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni hesabu ya vifurushi vilivyopotea. Ikiwa haipandi kwa saa nzima, antena na waya havina kosa katika saa hiyo.

Hesabu hiyo ikipanda, yakaguliwe mambo yafuatayo kwa mpangilio huu:

(a) Viungio vya waya. Hewa ya bahari hula shaba na bati. Kiungio kilichofungwa nje bila ya kukingwa huota ukungu wa kijani, na maji huingia ndani ya waya na kushuka taratibu. Kikatwe, kifungwe upya na kizungushiwe utepe usiopenya maji.

(b) Vigawanyio. Kila kigawanyio cha njia mbili hupunguza nguvu ya mawimbi kwa nusu au zaidi kidogo. Nyumba yenye vigawanyio viwili mfululizo humpa mtazamaji robo ya kilichopokelewa, au chini ya hapo. Kompyuta iunganishwe moja kwa moja na waya wa antena kwa majaribio. Taabu ikiondoka, jibu limepatikana.

(c) Kikuza mawimbi, kinachojulikana mitaani kwa jina la busta. Chombo hiki hukuza mawimbi na kelele kwa pamoja. Karibu na mnara wa kurushia matangazo kinaweza kukilemea kipokezi kwa nguvu nyingi kupita kiasi, na dalili zake zikafanana na za mawimbi dhaifu. Kizimwe na kuondolewa katika njia, kisha vipimo visomwe tena.

(d) Simu za mkononi. Masafa ya juu ya MHz 694, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, yametengewa mawasiliano ya simu katika eneo letu la dunia. Antena kongwe zilitengenezwa kuyapokea, na vikuza mawimbi vya zamani huyakuza. Ikiwa picha huvunjika hasa penye mnara wa simu jirani, kichujio kidogo kinachotiwa kati ya antena na kipokezi huweza kuondoa taabu.

(e) Umeme wa nyumbani. Picha ikivunjika kila jokofu linapowaka au pikipiki inapopita mlangoni, waya wa antena hauna ngao ya kutosha au umelazwa sambamba na waya wa umeme. Ubadilishwe kwa waya wenye ngao nzuri, nao utenganishwe na nyaya nyingine.

(f) Majira. Majani ya minazi na miembe yaliyolowa hupunguza mawimbi ya UHF, na kwa hivyo taabu ya wakati wa masika huenda isiwepo wakati wa kiangazi. Aidha, katika siku za joto na bahari shwari, mawimbi ya mbali huweza kupinda na kusafiri juu ya bahari kupita kiasi cha kawaida, yakaingiliana na ya karibu. Hali hiyo huja na kuondoka yenyewe. Haina dawa ya dukani, na ndiyo sababu tarehe na saa za kila kasoro ziandikwe.

Kuhusu kipokezi chenyewe, yapo mambo matatu. La kwanza ni kiwango cha urushaji. Kipokezi kilichotengenezwa kwa kiwango cha DVB-T hakiwezi kusoma DVB-T2, kiwango kilichokuja baada yake mwishoni mwa miaka ya 2000, ingawa waya na tundu ni vile vile. Kipokezi kilicholetwa na jamaa kutoka Marekani au Kanada hakifai kwa kupokelea matangazo ya antena ya hapa hata kikiwa kipya, maana huko hutumika kiwango cha ATSC. La pili ni idadi. Kipokezi kimoja husikiliza furushi moja kwa wakati mmoja. Kikiwa kinarikodi kituo cha furushi la kwanza, mtazamaji atakayetaka kituo cha furushi la pili ataletewa kioo cheusi. Huko si kuharibika. La tatu ni vituo vilivyofungwa kwa ajili ya malipo. Hivyo hutaka kadi na chombo cha kufungulia kilichoidhinishwa, na kompyuta isiyo na chombo hicho itaonyesha jina la kituo bila ya picha, hata mawimbi yakiwa mazuri namna gani.

SEHEMU YA PILI: HIFADHI YA MUDA

Hifadhi ya muda inafanana na tangi la maji juu ya paa. Maji huingia kwa kasi moja na hutoka kwa kasi nyingine, na kilichomo katikati ndicho kinachozuia bomba la chini lisikauke. Tangi likiwa dogo sana, kila upungufu wa juu husikika chini. Likiwa limejaa na halina pa kumwagia, mambo husimama.

Kuna kasoro tatu za kawaida. Ya kwanza ni diski iliyojaa. Kituo cha megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 1.8 kwa saa. Cha picha bora kinachotumia megabiti 8 hujaza gigabaiti 3.6. Mtambo unaohifadhi kila kinachotazamwa, ili kiweze kurudishwa nyuma, huimaliza diski ndogo kwa siku chache, na matangazo yakaganda dakika chache tu baada ya kuanza. Nafasi iliyobaki iangaliwe kwanza, nao muda wa hifadhi upunguzwe uwe saa moja au mbili.

Ya pili ni diski iliyochoka. Matangazo yanapohifadhiwa na kutazamwa kwa wakati mmoja, diski huandika na kusoma bila ya kupumzika. Diski ya zamani ya kuzunguka, ikiwa pia inarikodi kituo kingine na kunakili mafaili, huchelewa. Hifadhi ya muda ihamishiwe kwenye diski isiyozunguka, au kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikiwa ni kubwa ya kutosha. Jaribio rahisi ni kuizima kabisa hifadhi hiyo katika mipangilio. Matangazo yakitulia, chanzo kimejulikana.

Ya tatu huzipata nyumba ambazo kipokezi kiko chumba kimoja na televisheni iko chumba kingine, na matangazo hupita katika Wi-Fi. Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zilijengwa ili kuzuia joto, nazo huzuia mawimbi ya Wi-Fi vile vile. Mtandao unaotosha kusomea barua huenda usitoshe kupeleka megabiti 8 kila sekunde bila ya kukatika. Ulazwe waya wa mtandao kati ya vyumba hivyo kwa siku moja, hata ukipita sakafuni. Taabu ikiondoka siku hiyo, fedha itumike kwa waya na wala si kwa kompyuta mpya.

SEHEMU YA TATU: KUFUMBUA PICHA NA KUIONYESHA

Picha hurushwa ikiwa imebanwa, na kompyuta sharti iifumbue. Njia za kubana ni nyingi: MPEG-2 ya miaka ya 1990, H.264 iliyotoka mwaka 2003, na HEVC iliyofuata mwaka 2013. Kila njia mpya hubana zaidi, na kila inavyobana zaidi ndivyo kazi ya kufumbua inavyokuwa nzito. Kompyuta nyingi zina kiungo maalumu cha kazi hiyo ndani ya kadi ya picha. Kiungo hicho kisipoijua njia iliyotumika, au kikiwa kimezimwa katika mipangilio, mzigo wote humwelemea prosesa. Dalili zake ni feni kupiga kelele, kipimo cha prosesa kufika karibu na asilimia 100, na sauti kwenda sawa huku picha zikidondoshwa.

Upya wa chombo hauhakikishi kitu katika jambo hili. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012 na kupendwa na wengi kwa kazi hii, ilikuwa katika matoleo yake ya mwanzo na kiungo cha kufumbua MPEG-2, lakini mtumiaji alilazimika kununua ruhusa ya kukifungua. Toleo la nne la mwaka 2019, lenye nguvu zaidi, halina kiungo hicho kabisa, na kazi hufanywa na prosesa. Mnunuzi aulize chombo kinafumbua njia zipi, na vituo anavyotaka vinatumia ipi.

Kasoro nyingine huonekana pale mchezaji anapokimbia, ambapo kingo za mwili wake hutokeza mistari mfano wa meno ya kitana. Sababu yake ni ya kihistoria. Vituo vingi hutuma kila picha kwa mafungu mawili: mistari witiri kwanza, kisha mistari shufwa, mafungu 50 kwa sekunde. Televisheni za zamani ziliyachora mafungu hayo moja baada ya jingine. Kioo cha kompyuta huchora yote kwa pamoja, na kilichosogea kati ya fungu na fungu huonekana mara mbili. Programu za kutazamia zina mpangilio wa kuunganisha mafungu hayo. Uwashwe, au uachiwe uchague wenyewe. Filamu haiathiriki, kwa kuwa picha zake huhifadhiwa zikiwa kamili.

Jambo la mwisho la picha ni kasi ya kioo. Matangazo ya kwetu hufuata hesabu ya 50, lakini kompyuta nyingi hupangwa kiwandani kuchora kioo mara 60 kwa sekunde. Picha 50 haziwezi kugawika sawa katika nafasi 60, na kwa hivyo kila sekunde picha kumi hurudiwa. Jicho huona mtukutiko mdogo usiokwisha, khasa maandishi yanapopita chini ya taarifa ya habari. Watu wengi wamebadilisha kadi kwa sababu hii, ilhali dawa yake ni kuipanga kompyuta ichore mara 50, au kuiruhusu programu ibadilishe kasi kwa kufuata matangazo. Katika programu ya Kodi, ambayo kabla ya mwaka 2014 iliitwa XBMC, mpangilio huo upo, ila mtumiaji ndiye anayeuwasha.

Kuhusu sauti, ukimya katika baadhi ya vituo hutokea kompyuta inapopeleka sauti kwenye televisheni bila ya kuifumbua, na televisheni ikashindwa kuielewa. Kompyuta ipangwe kuifumbua yenyewe na kuitoa kwa njia mbili za kawaida. Sauti ikitangulia au kuchelewa kwa kiasi kile kile siku zote, irekebishwe kwa mpangilio wa kuchelewesha. Ikiwa pengo linaongezeka kadiri saa zinavyokwenda, turudi kwenye jaribio la kurikodi, maana huenda vifurushi vinapotea.

DALILI NA MAHALI PA KUANZIA

1. Miraba ya rangi na sauti inayokatika: antena, viungio, vigawanyio.
2. Kioo cheusi katika kituo kimoja, sauti ipo: njia ya kufumbua picha.
3. Kioo cheusi wakati mtambo unarikodi kituo kingine: idadi ya vipokezi.
4. Kuganda baada ya dakika chache, kisha kuendelea: hifadhi ya muda, diski au Wi-Fi.
5. Mistari ya meno ya kitana katika mwendo: kuunganisha mistari witiri na shufwa.
6. Mtukutiko mdogo wa kudumu: kasi ya kioo, 50 badala ya 60.
7. Kipokezi kutoonekana baada ya kompyuta kuamka usingizini: mpangilio wa kubana matumizi ya umeme katika tundu la USB, uzimwe.
8. Taabu iliyoanza siku programu ilipobadilishwa: toleo jipya la programu.

Dalili hii ya mwisho inahitaji neno zaidi. Mtambo huu hutegemea watengenezaji wa programu walio mbali, nao huweza kubadilisha au kuacha. Windows Media Center, iliyoanza mwaka 2002 na kutumika katika nyumba nyingi duniani, haikuwemo katika Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, na huduma yake ya ratiba za vipindi ilifungwa Januari 2020. Waliokuwa wakiitegemea walilazimika kuhama. Kwa hivyo nakala ya mipangilio ihifadhiwe nje ya kompyuta, na toleo jipya lisiingizwe siku moja kabla ya tukio ambalo watu wamealikwa kulitazama.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwanza, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe. Anayebadilisha waya, mipangilio na programu kwa siku moja, mtambo ukapona, hajui kilichouponya. Nao ukiugua tena atanunua vyote upya.

Pili, watumishi wenye dhamana ya mitambo ya ofisi wanakumbushwa kuambatanisha na kila ombi la ununuzi karatasi yenye tarehe, kituo, dalili na matokeo ya majaribio mawili yaliyoelezwa. Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuanza kazi mahali panapostahiki, na itamlinda mtumishi anapoulizwa kwa nini fedha ilitumika.

Tatu, hakuna matangazo yanayostahiki kuhatarisha roho ya mtu. Asipande mtu juu ya paa wakati wa mvua au radi, wala mlingoti wa antena usisimamishwe karibu na nyaya za umeme. Radi ikisikika, waya wa antena na wa umeme vichomolewe.

Nne, zipo khabari ambazo hazingoji mtambo upone, kama vile tahadhari ya upepo mkali au tangazo la kusitishwa kwa safari za vyombo vya baharini. Kila nyumba na kila ofisi yenye kompyuta ya kutazamia inashauriwa kuwa pia na redio ndogo ya betri, ikaguliwe mara kwa mara, na iwekwe mahali panapojulikana na wote.